Watawa wenye panga watumikie serikali au dini? Hivi ndo unavyolijibu bila kuzungukazunguka

Hili swali huwa linaibuka watu wakishamaliza kuangalia muvi za mashujaa wa majoho, wale wenye upanga, sala na kiapo cha kutooa. Serikali ikiwaambia nendeni vitani na imani ikiwaambia tulieni, wamsikilize nani? Kwenye magrupu ubishi unaenda hivi: mmoja anasema serikali ndo inalinda watu wote sio waumini peke yao, mwingine anatupa Mathayo 6:24, hakuna mtu awezaye kutumikia mabwana wawili, wa tatu anasema hao jamaa hawajawahi kuwepo ni hadithi tu, na kutoka hapo ni emoji za kucheka mpaka admin anafunga grupu.

Mi nashauri uachane na muvi. Watawa wapiganaji walikuwepo kweli, Ulaya, China, Japani, India, na mambo yao yameandikwa mpaka nani alipewa shamba la ukubwa gani na nani alimgeuka nani. Kama una mdahalo shuleni, au unaandika stori yako yenye shirika la namna hii, au una rafiki mbishi tu unataka kumnyamazisha, pita kwenye hatua hizi. Sio zote zina uzito sawa. Ya kwanza na ya tatu ndo zinabeba mzigo, nyingine unaweza kuzigusa ukaendelea.

Kabla hujaanza, kubalianeni mnamzungumzia nani. Mtawa mpiganaji ni mtu aliyeweka nadhiri, zile za useja, utii na ufukara au zinazofanana nazo, halafu silaha ikawa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Padri aliyeshika panga siku kijiji kilipovamiwa hahesabiki. Askari anayesali sana naye hahesabiki. Msipokubaliana hapa mapema, ubishi wenu wote utakuwa wa nani aingie kwenye listi.

Hatua ya 1: Usiulize wameapa kwa nani, uliza nani anaweza kuwavunja

Watu wengi wanakimbilia kiapo. Kiapo ni karatasi. Kwenye karatasi Watemplari walikuwa watu wa imani asilimia mia: walianzia Yerusalemu mwaka 1119 hivi, kikundi kidogo cha wapanda farasi chini ya Mfaransa anaitwa Hugues de Payns, kazi yao kulinda mahujaji barabarani, mwaka 1129 mtaguso (mkutano wa viongozi wa kanisa) wa Troyes, Ufaransa, ukawapa kanuni ya kuishi kitawa, na mwaka 1139 Papa Innocent II akawapa hati ambayo shirika lolote lingeiota. Zaka hawalipi. Askofu wa eneo hawagusi. Mfalme hana amri juu yao. Bosi wao ni Papa, basi.

Sasa twende Paris. Mwaka 1291 mji wa Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wakristo kule, ulishaanguka, Nchi Takatifu imeisha, na jamaa wamebaki na mashamba, ngome na hela kila kona ya Ulaya. Ngome yao ya Paris ndo ilikuwa inatumika kama hazina ya mfalme wa Ufaransa, Philip IV, ambaye naye alikuwa na vita na Waingereza, vita na watu wa Flanders, na madeni ya kutosha. Mwishoni mwa 1306 alikuwa ameshachezea thamani ya sarafu mpaka kodi za nyumba Paris zikapaa, wananchi wakaingia barabarani, mfalme akatafuta pa kujificha. Akajificha wapi? Ndani ya ngome ya Watemplari! Wakamfungulia mlango, wakamlinda.

Asante ya punda ni mateke. Haukupita hata mwaka, tarehe 14 Septemba 1307 zikaandikwa barua za siri kwenda kwa maofisa wa mfalme nchi nzima, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 13 Oktoba Watemplari wa Ufaransa wakazolewa karibu wote kwa pamoja, wazee, vijana, mpaka wale mabruda wa shambani ambao hawajawahi kushika upanga. Mashtaka ni uzushi na kukufuru. Wakateswa, wakakiri. Papa Clement V, yule bosi wa kwenye karatasi, alilalamika, wajumbe wake wakaenda Chinon mwaka 1308 wakamhoji Mkuu wa shirika Jacques de Molay na wenzake na wakawaondolea adhabu ya kutengwa na kanisa, lakini Papa mwenyewe alikuwa Mfaransa, anaishi jirani na mfalme, na hakuwa na jeshi la kumpeleka Paris. Tarehe 12 Mei 1310 wakachomwa moto 54 kwa siku moja. Tarehe 22 Machi 1312 Papa akalivunja shirika, tena bila kulitia hatiani rasmi, alilivunja kiutawala tu. Machi 1314 Molay akachomwa kwenye kisiwa kidogo cha mto Seine.

Kwa hiyo ukipewa shirika lolote, la kweli au la kutunga, chukua karatasi uandike vitu vinne: nani anateua mkuu wao, nani anaweza kumtoa, wakikosea wanashtakiwa kwenye mahakama ya nani, na jeshi la nani liko karibu na malango yao. Majibu yakiwa jina moja mara nne, hamna mdahalo, jamaa wana bosi mmoja. Yakiwa majina mawili tofauti, angalia lile la nne. Hilo ndo litakalotoka siku mambo yakiharibika.

Na usisahau Ureno, maana ni kipimo kizuri sana. Watemplari wale wale, Papa yule yule, hati zile zile, lakini mfalme Dinis hakutaka kumchoma mtu, akaomba mali yao ibaki nchini, na mwaka 1319 Papa aliyefuata, John XXII, akakubali lianzishwe shirika jipya, Shirika la Kristo, likarithi ngome na mashamba ya Watemplari wa kule. Ufaransa moto, Ureno jina jipya. Kilichobadilika ni mfalme tu. Tutarudi kwao, maana hawa walifika mpaka kwetu.

Hatua ya 2: Fuata shamba

Hii ni ya haraka. Kuna jibu la tatu ambalo watu hawalitaji kwenye ubishi: kwamba shirika halitumikii serikali wala dini, linatumikia mali yake.

Chukua Shaolin, ambao kila mtu anawajua kwa mateke. Mwaka 621 China ilikuwa kwenye vita vya nani awe mfalme, na watawa 13 wa Shaolin wakamsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme Taizong wa ukoo wa Tang, dhidi ya mpinzani wake Wang Shichong. Ukisoma kwa haraka utasema, sawa, wametumikia serikali. Lakini serikali gani? Wakati huo zilikuwepo zaidi ya moja, wao walichagua. Na kilichokuwa kinagombewa pale ni bonde lenye shamba la monasteri, watu wa Wang walishalikalia. Baada ya ushindi monasteri ikapewa ardhi ya qing 40, yaani kama hekta 200 hivi, pamoja na kinu cha maji cha kusagia, na mtawa mmoja, Tanzong, akapewa cheo cha jenerali. Mwaka 728 wakachonga hizo habari kwenye jiwe, na barua ya Li Shimin mle mle. Jiwe bado limesimama pale, na ukilisoma kwa makini unaona ni hati ya kumiliki shamba kuliko hadithi ya vita.

Sijasema hawakuwa na imani. Nasema ukitaka kujua watafanya nini kesho, angalia chakula chao kinatoka wapi.

India walikuwepo akina Anupgiri Gosain, sadhu wa Shiva, wale wa kujipaka majivu, ambaye alikuwa na maelfu ya sadhu wapiganaji chini yake na alifanya kazi kama jeshi la kukodi. Mwaka 1761 kwenye vita vya Panipat walisimama upande wa Nawabu (mtawala Mwislamu) wa Awadh, kaskazini mwa India, pamoja na Waafghani Waislamu, dhidi ya Wamaratha ambao ni Wahindu wenzao. Baadaye akawatumikia Wamaratha, na mwaka 1803 akawasaidia Waingereza. Ukimuuliza huyu serikali au dini, angekuuliza mshahara kiasi gani. Mkono mtupu haulambwi. Lakini kuwa makini usimtumie kama mfano wa watawa wote, mbishi mzuri atakurudishia.

Hatua ya 3: Uliza watafanya nini adui akiisha

Hapa ndo penyewe, na kama una dakika tano tu za kuongea, zote zitumie hapa.

Shirika la kupigana lina adui kwenye katiba yake. Siku adui akikata tamaa, au akibatizwa, kitu gani kinaendelea? Imani ingesema asante Mungu, kazi imekwisha, turudi kwenye sala. Shirika lenye ngome 100 halisemi hivyo.

Wateutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani, walianza vizuri tu, Akka mwaka 1190, kama hospitali ya wafanyabiashara wa Kijerumani kutoka Bremen na Lübeck, mwaka 1198 wakawa shirika la kivita. Walipoitwa kwenda Prussia, pwani ya Baltiki, kupigana na wapagani, Mkuu wao Hermann von Salza akafanya kitu cha kijanja sana, na hiki ukiweke kwenye mdahalo wako kwa sababu kinagusa swali lenyewe. Alichukua hati ya Kaisari Frederick II, mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi, inajulikana kama hati ya Rimini ya 1226, inayosema ardhi watakayoiteka ni yao. Halafu mwaka 1234 wakapata hati nyingine kutoka kwa Papa Gregory IX, kuhusu ardhi ile ile. Serikali imewabariki, kanisa limewabariki. Kaisari akiwabana wanaonyesha hati ya Papa, Papa akiwabana wanaonyesha ya Kaisari. Yaani wamepata mabwana wawili ili wasiwe na hata mmoja.

Wakawa serikali wenyewe. Mwaka 1308 waliichukua Gdańsk, mji wa Wakristo wa Poland, na mwaka uliofuata makao makuu yakahamia Marienburg, siku hizi Malbork, ngome ya matofali mekundu ambayo ukiiona huwezi kuamini waliojenga waliapa ufukara. Kila mwaka wanafanya uvamizi Lithuania, taifa kubwa la mwisho la kipagani Ulaya, na watoto wa wakubwa wa Ulaya wanakuja kushiriki kama watalii, kuna karamu, kuna tuzo, hata Henry aliyekuja kuwa mfalme Henry IV wa Uingereza alikwenda mwaka 1390. Biashara ilikuwa nzuri.

Tatizo: mwaka 1386 mtawala wa Lithuania, Jogaila, alishabatizwa Kraków, akamwoa malkia wa Poland, na nchi yake ikaanza kubatizwa. Adui ameisha! Sasa hapo mtawa wa kweli afanye nini? Wateutoni wakasema ubatizo wenyewe ni feki, wakaendelea kupiga. Angalia tarehe hizo vizuri maana ule utalii wa Henry wa 1390 ulikuwa baada ya ubatizo, sio kabla.

Tarehe 15 Julai 1410, Grunwald, majeshi ya Poland na Lithuania yakawakung'uta vibaya, Mkuu wao Ulrich von Jungingen akafia uwanjani na viongozi wengi wa shirika. Lakini kwangu mimi kipigo kikubwa zaidi kilikuja kwa maneno, kwenye Mtaguso wa Constance, 1414 mpaka 1418. Msomi wa Kraków, Paweł Włodkowic, alisimama mbele ya maaskofu wa Ulaya nzima akajenga hoja kwamba hata wapagani wana haki ya ardhi yao na ya kuishi kwa amani, na huwezi kumpokonya mtu nchi kwa sababu tu hajabatizwa. Miaka ya 1410 hiyo! Mtetezi upande wa pili, mtawa wa Kidominiko Johannes Falkenberg, alikuwa ameandika kwamba mfalme wa Poland na watu wake wanastahili kuuawa, kitu kilichomletea matatizo makubwa. Kama uko kwenye mdahalo, hizi hoja mbili zinatosha kuwa dira: shirika linalotumikia imani lingemsikiliza Włodkowic, hata kama linapoteza shamba. Hawakumsikiliza.

Mwisho wao unachekesha kwa namna yake. Mwaka 1525 Mkuu wa shirika, Albrecht wa ukoo wa Hohenzollern, akageuka Mlutheri, akavua joho, akapiga magoti Kraków mbele ya mfalme wa Poland, na akainuka akiwa mtawala wa kurithisha wa Prussia. Shirika limekuwa ufalme wa familia mchana kweupe. Baki la shirika likaendelea Ujerumani, na mpaka leo lipo, makao yake Vienna, ni mapadri na masista wanaofanya kazi za huduma.

Hatua ya 4: Angalia kama mkuu wa shirika na mfalme ni mtu yule yule

Hili linatokea taratibu na ndo njia rahisi zaidi ya serikali kushinda, wala haihitaji kuchoma mtu. Hispania walikuwa na mashirika ya Calatrava, Santiago na Alcántara. Lile la Calatrava lilizaliwa mwaka 1158 kwa sababu Watemplari walirudisha ngome ya Calatrava wakisema hawawezi kuilinda, na abati (mkuu wa monasteri) mmoja, Raymond wa Fitero, akajitolea na watawa wake. Ujasiri mtupu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1400 Ferdinand na Isabella wakaanza kuchukua ukuu wa haya mashirika moja baada ya jingine, kila mkuu akifa nafasi inakwenda kwa mfalme, na mwaka 1523 Papa Adrian VI akaidhinisha moja kwa moja. Kutoka hapo joho la Santiago likawa nishani ya kuvaa ikulu.

Ureno hivyo hivyo, na hapa sisi wa pwani tuna sababu ya kukaa mkao wa kusikiliza. Shirika la Kristo, lile lililorithi Watemplari, lilisimamiwa na mwana wa mfalme, Henrique, kuanzia 1420, na mapato yake yakasaidia safari za baharini. Baadaye likasimamiwa na Manuel, ambaye mwaka 1495 akawa mfalme. Mkuu wa shirika ni mfalme, mfalme ni mkuu wa shirika. Papa Alexander VI akawaruhusu kuoa, maana utawa wenyewe ulishabaki jina. Na Manuel ndiye aliyemkabidhi Vasco da Gama bendera yenye msalaba wa lile shirika, na Aprili 1498 meli zake zikatia nanga Mombasa halafu Malindi. Wale mababu waliosimama ufukweni wakatazama msalaba mwekundu, walikuwa wanatazama alama ya shirika la watawa. Miaka saba baadaye, 1505, Francisco de Almeida alikuja na meli za mfalme huyo huyo, Julai akaipora Kilwa, Agosti akaichoma Mombasa.

Hiyo ilikuwa imani au serikali? Muulize mtu wa upande wa "watumikie serikali, serikali inalinda watu wote" ajibu kutokea Kilwa. Serikali inalinda watu wake. Na anayesema "watumikie dini, dini ina huruma" naye ajibu hapo hapo, maana msalaba ulikuwa kwenye bendera.

Hatua ya 5: Tafuta kazi yao nyingine

Hii wengi wanairuka. Shirika likinyang'anywa silaha leo, kesho asubuhi linaamka kufanya nini?

Wahospitali wa Mtakatifu Yohane walianza kama hospitali Yerusalemu kabla hata ya Vita vya Msalaba, Papa Paschal II akawatambua mwaka 1113, silaha zikaja baadaye. Waliondolewa Yerusalemu, wakaondolewa Akka, wakachukua Rhodes, Sultani Suleiman wa Waosmani (Waturuki) akawatoa Rhodes mwaka 1522, mwaka 1530 Kaisari Charles V akawapa Malta kwa kodi ya falkoni mmoja kwa mwaka (ndiyo, ndege), mwaka 1565 wakastahimili mzingiro mkali wa Waosmani, na kote huko walikohamia walijenga hospitali. Ile ya Valletta ilikuwa na wodi moja ndefu ajabu, wagonjwa wanalishwa kwenye sahani za madini ya fedha, na naiti (mpiganaji wa farasi wa shirika) kijana, mtoto wa ukoo mkubwa huko kwao, ana zamu yake ya kubeba sahani kumpelekea mgonjwa. Ukitaka kuonyesha imani ikifanya kazi bila kuhubiri, onyesha hiyo sahani.

Ila usiwapake mafuta, maana mbishi aliyesoma atakuumbua. Meli za hao hao Wahospitali zilikuwa zinawinda meli za Waislamu Bahari ya Kati, zinakamata watu, na Malta palikuwa soko la watumwa, makasia ya meli zao yalivutwa na watu waliofungwa minyororo. Yote kwa jina la imani, hakuna serikali iliyowatuma. Kwa hiyo "watumikie dini" peke yake sio jibu salama hata kidogo, na mi nikiisikia imesemwa hivyo bila kuongezewa kitu naishuku.

Mwaka 1798 Napoleon alifika Malta akiwa njiani kwenda Misri. Naiti wengi walikuwa Wafaransa, kanuni inawakataza kupigana na Wakristo, ngome zikafunguliwa ndani ya siku chache tu. Wakabaki hawana nchi, hawana meli. Na hawakufa! Kwa sababu kazi ya kwanza bado ilikuwepo. Leo makao yao Roma, wana uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 100, tangu 1994 wana kiti cha mwangalizi Umoja wa Mataifa, wanaendesha hospitali na magari ya wagonjwa. Na nani anaweza kumtoa mkuu wao? Hatua ya kwanza inatoa jibu: Januari 2017 Mkuu Matthew Festing alijiuzulu baada ya Papa Francis kumtaka aondoke, na 2022 Papa huyo huyo akawapa katiba mpya.

Hatua ya 6: Andika msimamo wako kwa sentensi moja, halafu ujiandae kupigwa

Wa kwangu ni huu, uchukue au uache: shirika litumikie imani yake, kazi yake ya kwanza isiwe vita, na silaha likizishika lizishike kwa ruhusa ya serikali, kwa kazi moja yenye mwisho unaojulikana. Mahujaji wamepita, panga linarudi stoo. Kila shirika nililolitaja hapo juu liliharibikia pale silaha ilipogeuka kuwa kazi ya kudumu, haijalishi nani alikuwa bosi.

Kama unaandika stori, msimamo huu ni mzuri kwa sababu unakupa ufa wa kuingilia. Weka mkuu wa shirika mzee aliyemfungulia mfalme mlango usiku wa ghasia. Weka mtawa kijana anayepewa amri ya kwenda kupiga kijiji ambacho juzi kimebatizwa. Usimpe hotuba, mpe tu zamu ya hospitali wiki hiyo hiyo.

Kuna mtu atakuletea Masingasinga. Atakwambia Guru Hargobind, kiongozi wa imani yao, mwaka 1606 alivaa panga mbili, moja ya mamlaka ya dunia na moja ya roho, kwa hiyo inawezekana kubeba zote. Mjibu vitu viwili: kwanza Masingasinga wanaoa, wanalima, wanafanya biashara, sio watawa. Pili, inasimuliwa kwamba Akali Phula Singh, mkuu wa wapiganaji wa imani, alimwita Maharaja Ranjit Singh mwenyewe, mfalme wa Masingasinga, mbele ya Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya imani yao, na akamhukumu viboko kwa mwenendo wake, na maharaja akaja akainamisha mgongo, ndo akasamehewa. Sasa hapo panga gani lilikuwa juu?

Na ukipangiwa upande wa serikali, kitu kinachotokea sana maana mwalimu ndo anagawa, usijaribu kumtetea Philip IV, utazama. Nenda Japani, mlima Hiei, juu ya Kyoto. Hekalu la Enryaku-ji lilianzishwa mwaka 788 na mtawa Saichō, na kufikia miaka ya 1000 lilikuwa na watawa wenye mikuki mirefu ambao wakitaka kitu kutoka kwa mfalme wanashuka mlimani wamebeba kiti cha mungu wao mabegani, wanakiweka mjini, na walinzi wanaogopa kukirushia mshale. Inasimuliwa mfalme Shirakawa alisema vitu vitatu vimemshinda: mafuriko ya mto Kamo, kete za kamari, na watawa wa mlimani. Hiyo ndo hoja yako kali kuliko zote, kwamba mwenye mungu begani na mkuki mkononi hapingwi na mtu, hashtakiwi, hapigiwi kura, na raia wa kawaida wa Kyoto hana pa kulalamika. Wapinzani watakurushia mwaka 1571, Oda Nobunaga alipouzingira mlima kwa sababu watawa waliwahifadhi maadui zake, akachoma mahekalu na kuua maelfu, wanawake na watoto wamo. Usimtetee, huhitaji. Waambie tu hekalu lilijengwa upya, ukumbi mkuu uliopo sasa ni wa mwaka 1642, watawa wapo pale mpaka leo wanasali, na mikuki hawana.